Meza ya Ijumaa na mizani ya Jumatatu

Mtu anayetaka kupunguza mwili jijini Dar es Salaam hakosi washauri. Ataambiwa apunguze ugali usiku, aache sukari kwenye chai, apande ngazi badala ya lifti, ajiunge na kikundi cha jogingi cha mtaani kwake. Ushauri huo ni mzuri. Ila ni nadra kumsikia mtu akimwelekeza afanye nini Ijumaa jioni, wenzake wa kazini wanapovuta viti baa, mhudumu anauliza ya baridi au ya moto, na mmoja wao anatangaza kwamba raundi ya kwanza ni yake. Kwa wengi wanaokunywa, hapo ndipo hesabu ya wiki nzima inapoharibikia, na inaharibika kimyakimya kwa sababu hakuna anayehesabu kinywaji kama chakula.

Na ni chakula kweli. Gramu moja ya kileo inaupa mwili kalori 7. Wanga na protini hutoa 4, mafuta 9. Kileo basi kiko karibu zaidi na mafuta ya kupikia kuliko unga wa sembe. Chupa ya nusu lita ya bia ya Safari, yenye kilevi cha asilimia 5.5, ina karibu gramu 22 za kileo, na hizo peke yake ni kalori 150. Ukiongeza wanga uliobaki kutoka kwenye nafaka, chupa inafika kalori 200 na ushee.

Tuseme kuna karani wa miaka 38 mwenye kilo 85. Tangu Jumatatu amejibana: mchana anakula nusu ya wali aliouzoea na mboga nyingi, na kila siku ameokoa kalori 400. Hadi Ijumaa mchana ana akiba ya kalori 2,000, na akiba kama hiyo ikirudiwa kila wiki kwa mwezi mzima ingemwondolea kilo moja. Jioni anakunywa Safari 5, kalori 1,050. Saa tatu usiku njaa inamshika, anaagiza chipsi mayai: viazi vilivyozama kwenye mafuta, mayai mawili, mafuta mengine ya kikaangio. Sahani hiyo kufika kalori 900 si jambo la ajabu. Akiba ya siku tano imeliwa kwa saa nne. Jumatatu anapanda mizani, anakuta namba ileile, na anaamua kwamba mwili wake haupungui, au kwamba unene wao ni wa ukoo.

Hukumu hiyo anayojipa ni ya uonevu, na inafaa ipingwe kwa sauti, kwa sababu inawakatisha tamaa watu wengi waliokuwa wamefanya kazi ngumu kweli kwa siku tano.

Tatizo si dogo. Nchini Tanzania wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004/05. Utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 28. Kenya, mwaka 2022, walikuwa karibu nusu ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Wengi wao hawanywi kabisa, na ni wanene kwa sababu nyingine zinazojulikana: mafuta, sukari, kukaa kitini kutwa. Lakini kwa anayekunywa na akataka kupungua, kinywaji ni sehemu ya hesabu, tena sehemu ambayo mwili unaishughulikia kwa namna ya pekee.

Mwili hauna ghala la kuhifadhi kileo. Wanga uliozidi unawekwa kwenye ini na misuli, mafuta yaliyozidi yanawekwa chini ya ngozi na tumboni, lakini kileo hakina pa kwenda. Ni lazima ini likivunje, kwanza kiwe asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha asetati, na asetati hiyo inachomwa na mwili mzima kama nishati. Inapochomwa, kazi ya kuchoma mafuta inasubiri. Ni kama msafara wa kiongozi unapopita Barabara ya Morogoro: magari mengine yote hayajaharibika, yamesimamishwa tu mpaka msafara uishe.

Watafiti wa Uswisi walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1992. Waliwapa watu wenye afya chakula kilichopimwa, chenye kileo na kisicho nacho, wakakuta kwamba siku ya kileo uchomaji wa mafuta kwa saa 24 ulishuka kwa takriban theluthi moja. Miaka 7 baadaye kundi jingine, la California, lilifuatilia gramu 24 za kileo ndani ya miili ya wanaume, kiasi kinachokaribia chupa moja ya nusu lita. Sehemu iliyogeuka kuwa mafuta haikufika asilimia 5. Lakini katika saa zilizofuata uchomaji wa mafuta mwilini ulishuka kwa asilimia 73.

Matokeo hayo mawili yanafaa yasomwe pamoja, maana yanaondoa upotoshaji wa pande zote mbili. Mnywaji anayejitetea kwamba bia haigeuki kuwa mafuta yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Lakini chipsi zilizoliwa pembeni ya bia ndizo zinazokwenda kuhifadhiwa, kwa sababu usiku ule hakuna wa kuzichoma. Na usiku wenyewe ni mrefu. Ini la mtu mzima linashughulikia kati ya gramu 7 na 10 za kileo kwa saa. Bia 5 za karani wetu zina zaidi ya gramu 100. Kama alianza saa kumi na mbili jioni, alfajiri ini lake bado linahangaika na Ijumaa.

Kitambi cha bia nacho kina maelezo yake hapo. Bia haina kiungo cha siri kinachotafuta tumbo. Wanaume kwa maumbile huweka mafuta ya ziada tumboni, ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo, na mnywaji wa Konyagi anayekula vilevile atapata kitambi kilekile. Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya mtu aliyefanikiwa. Madaktari wa leo wanakiona kama dalili ya mapema ya kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu.

Halafu kuna njaa. Kila anayekunywa anaifahamu: mtu aliyekula vizuri saa kumi jioni anajikuta saa tatu ananusa moshi wa jiko la mishikaki na kusahau kila alichojiahidi. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Francis Crick, London, waliwapa panya kileo, wakaona kwamba chembe za ubongo ambazo kwa kawaida huamka mwili unapokosa chakula ziliwaka, na panya wakala zaidi. Walipozizima chembe hizo, ulaji ule wa ziada ukatoweka. Binadamu si panya, lakini matokeo hayo yanapaswa kumwondolea mtu aibu. Njaa ya baa si ulafi. Ubongo umedanganywa kwamba kuna upungufu wakati kalori zimejaa.

Ndiyo maana uamuzi wa chakula unapaswa kufanywa kabla ya kinywaji, akili ikiwa timamu. Na hapa baa zetu zina neema ambayo wengi hawaitumii. Nyama ya mbuzi ya kuchoma ni miongoni mwa nyama zenye mafuta machache: gramu 150 zisizo na mafuta yanayoonekana zina kalori zisizozidi 220 na protini gramu 40, na protini hushibisha kuliko kitu kingine chochote mezani. Weka na kachumbari, na ndizi moja ya kuchoma kwa anayetaka wanga, na hapo una mlo kamili usiofika nusu ya kalori za ile chipsi mayai. Kuku wa kuchoma akivuliwa ngozi naye anafaa. Kitimoto cha kukaanga kwenye mafuta yake ni habari nyingine kabisa, na rosti yake ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mafuta hayachuruziki, yanaliwa na mchuzi. Anayetaka kupungua aagize mbuzi mara tu anapokaa, kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, ale kwanza. Tumbo lenye chakula pia hupunguza kasi ya kileo kuingia kwenye damu.

Kinyume cha hilo ndicho kosa linalofanywa na watu wenye nia njema, hasa kina dada wanaojiandaa kwa harusi: kushinda njaa kutwa ili kuachia kinywaji nafasi. Kalori zinaweza kulingana kwenye karatasi. Mwilini, kileo kinapanda kichwani haraka, sukari ya damu inaweza kushuka, na saa nne usiku mtu huyo anakula kuliko wote waliokula mchana. Mwanamke ana maji machache mwilini kuliko mwanamume wa uzito uleule, kwa hiyo chupa ileile inamwingia kwa nguvu zaidi hata kama amekula. Akiwa na njaa, hatari inaongezeka maradufu.

Kuhusu aina ya kinywaji, imani ni nyingi na nyingine hazina msingi. Bia za laiti husaidia, lakini kidogo: nusu lita yenye kilevi cha asilimia 4 ina kalori kama 160, yaani unaokoa 50 kwa chupa. Anayekunywa laiti 4 badala ya Safari 3 kwa sababu ni laiti hajaokoa kitu. Rangi haisemi lolote. Guinness inayouzwa Afrika Mashariki kwa chupa ina kalori nyingi kwa sababu ina kilevi cha asilimia 6.5, wala si kwa sababu ni nyeusi. Chupa ya mililita 750 ya mvinyo mkavu ni kalori 600 na zaidi, na mvinyo mwekundu mtamu unaopendwa kwenye kitchen party unaongeza sukari juu yake. Mbege na pombe nyingine za nafaka zina kilevi kidogo kuliko bia mara nyingi, lakini ni nzito kwa sababu ulezi umebaki ndani, na hakuna lebo ya kumsaidia mtu kuhesabu.

Konyagi inahitaji neno lake. Ina kilevi cha asilimia 35, na kichupa cha mililita 250 kina gramu 69 za kileo, kalori zipatazo 480. Watu huhamia huko kutoka kwenye bia wakiamini kwamba pombe kali hainenepeshi, na ni kweli kwamba haina wanga. Kisha wanaichanganya na soda. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 32 za sukari, vijiko vinane vya chai, kalori 130 nyingine. Soda mbili na kichupa kimoja ni kalori 740, na kileo chake ni zaidi ya Safari tatu. Kwa maji na limau kingebaki 480. Hata hivyo kichupa kizima kwa mtu mmoja jioni moja ni kingi kwa vyovyote.

Anayekimbilia vinywaji vya kimea visivyo na kilevi naye asome lebo. Vingi ni vitamu kama soda, na kalori zake hazina tofauti kubwa na za bia aliyoiacha. Bia zilizoondolewa kilevi ni afadhali: Heineken 0.0 ya mililita 330 ina kalori 69.

Lakini namba hizi zote zinakutana na kitu kigumu zaidi kuliko kemia, nacho ni ofa. Meza ya watu sita, kila mtu akizungusha raundi moja, ni bia sita kwa kila mmoja, hata kwa yule aliyekuja na nia ya kunywa mbili. Kukataa ofa ni kama kumkataa aliyeitoa. Kuondoka kabla ya kurudisha raundi ni kuitwa mnywaji wa vya wenzake. Chupa tupu hupangwa mezani kwa ajili ya bili, na zile ambazo hazijafunguliwa hupangwa mbele ya anayekunywa polepole, moja, mbili, tatu, kila mtu anaziona, mpaka anaharakisha kwa aibu. Vikao vya kamati za harusi ndivyo vinavyoongoza. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye kamati tatu kwa msimu, kila moja ina kikao kila wiki, na kila kikao kina baa yake.

Anayetaka kupungua bila kujitenga na watu ana njia, na njia zinazofanya kazi ni zile zinazoheshimu desturi. Azungushe raundi yake mapema, ya kwanza au ya pili, ili deni lisimfunge kiti. Amwambie mhudumu pembeni, kabla ya kukaa, asimletee chupa mpaka aombe mwenyewe. Wahudumu wazoefu wanalielewa hilo na hulifanya bila kelele. Ofa ikija, aipokee kwa maji makubwa au aombe imsubiri kaunta. Afike saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Awe dereva wa siku hiyo, sababu ambayo meza yoyote yenye akili huikubali. Nairobi kipima-kilevi cha polisi barabarani, alcoblow, kimewapa watu wengi sababu hiyo bila ubishi. Zaidi ya yote, aamue idadi akiwa ofisini. Anayeamua akiwa ameshakunywa mbili ataongeza.

Usiku wa kunywa una mkia wake. Kileo humlaza mtu haraka lakini huvuruga nusu ya pili ya usingizi, na aliyelala vibaya huamka na hamu ya mafuta na chumvi. Jumamosi asubuhi ni supu ya utumbo au kongoro, chapati mbili, na kwa baadhi bia ya kuzimua. Kuzimua hakuponyi chochote. Kunaahirisha hangova na kulirudisha ini kazini kabla halijapumzika.

Wengine huamini watalipa deni kwa mazoezi, na imani hii ina sherehe yake: Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi kila mwaka tangu 2003 ikiwa na jina la bia kifuani. Kukimbia huchoma kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 75 anayemaliza kilomita 21 amechoma kalori zipatazo 1,575, na hakuna anayeweza kumnyima bia yake. Lakini anayekimbia kilomita 5 ufukweni Coco Beach Jumamosi amechoma 375, ambazo hazitoshi kulipia chupa mbili za jana. Tena utafiti wa Australia wa 2014 ulionyesha kwamba wanaume waliokunywa gramu 1.5 za kileo kwa kila kilo ya mwili baada ya mazoezi mazito, hata walipopewa protini, ujenzi wa misuli yao ulipungua kwa asilimia 24. Kwa mtu wa kilo 75 kiasi hicho ni zile Safari 5.

Zile Safari 5 pia, gramu 110 hivi za kileo, ndizo karibu kikomo chote cha wiki ambacho madaktari wakuu wa Uingereza walikitaja mwaka 2016, kwa wanaume na wanawake sawasawa, na walishauri kisambazwe siku tatu au zaidi. Hata kikomo hicho hakimaanishi usalama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vinywaji vyenye kileo kuwa visababishi vya saratani tangu 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Mjamzito asinywe kabisa. Mwenye kisukari anayetumia insulini azungumze na daktari wake kabla ya kugusa glasi, maana sukari yake inaweza kushuka usiku akiwa usingizini na wenzake wakadhani amelewa tu.

Kwa anayetaka kujua kileo kinamgharimu nini hasa, kipimo bora ni kuacha mwezi mmoja. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2018 habari za watu 94, wanywaji wa wastani na wa kupindukia, walioacha kwa mwezi. Kwa wastani uzito ulipungua asilimia 1.5, shinikizo la damu likashuka, na hali ya mwili kuikaidi insulini ikapungua kwa robo, wala mabadiliko hayo hayakutokana na chakula au mazoezi. Kwa karani wetu wa kilo 85 hiyo ni kilo moja na robo bila kugusa sahani yake. Na kama mwezi huo unamshinda mtu, kama kila wiki anaahidi chupa mbili na kila wiki anaamka hakumbuki alivyofika nyumbani, basi shida yake imevuka uzito. Huyo aende hospitali na aseme wazi. Tatizo hilo lina tiba, na watu hupona.

Waliobaki mezani nao wana sehemu yao. Mtu akifunika glasi yake kwa kiganja, au akiagiza maji wakati wengine wanaagiza bia, asiulizwe kama anaumwa, ameokoka au ana mimba, na chupa isifunguliwe mbele yake kwa nguvu ya urafiki. Wenyeviti wa kamati za harusi waweke maji na matunda kwenye bajeti ya vikao, na ofa itolewe kwa nyama ya mbuzi mara moja moja.